Kufuga kopepodi nyumbani kwa ajili ya samaki wa bahari

Samaki aina ya mandarini akikosa chakula hafi kwa kishindo. Hukonda taratibu: tumbo linabonyea, mgongo unachongoka nyuma ya kichwa, huku bado anazunguka mawe akidonoa mchana kutwa. Anachokitafuta ni kopepodi, viumbe wa jamii moja na kamba na kaa, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita moja au chini ya hapo. Tangi dogo au jipya huishiwa nao upesi, na mandarini wengi hawagusi chakula kikavu hata ukiwabembeleza. Farasi wa baharini naye hana mfuko wa tumbo wa kuwekea akiba, kwa hiyo hula kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni.

Mabuu wa samaki wa bahari wana shida nyingine: wengi wana midomo midogo mno. Artemia, kamba mdogo wa maji ya chumvi anayetumiwa sana kulisha samaki, akiwa ametoka kuanguliwa ana urefu wa mikroni 400 hadi 500, yaani karibu nusu milimita, na kwa mabuu hao hilo ni windo lisilomezeka. Tena artemia mchanga ana upungufu wa DHA, mafuta yanayohitajika kujenga ubongo na macho, ndiyo maana wafugaji humshibisha kwanza mafuta hayo kabla ya kumpa samaki. Kopepodi huja na mafuta hayo mwilini.

Kuwafuga hakuhitaji maabara. Ndoo, hewa, maji ya chumvi na mwani vinatosha kuanza. Kinachowaangusha watu ni mkono mwepesi wa kulisha na mkono mzito wa kuvuna. Vyombo vingi vilivyooza nilivyoviona vilioza kwa shibe, na ndiyo maana sehemu ya kulisha hapa chini ni ndefu.

Kwanza, amua unamfuga nani

Usinunue chupa iliyoandikwa "kopepodi" tu. Uliza spishi, kwa sababu tabia zao zinatofautiana sana na kosa la hapa halirekebishiki kwa juhudi.

Tigriopus californicus hutoka kwenye vidimbwi vya miambani vya pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kaskazini, mahali ambapo jua hukausha maji leo na mvua huyajaza kesho. Amezoea misukosuko ya chumvi na joto, na hicho ndicho kinachomfanya awe rafiki wa anayeanza. Ni mkubwa, zaidi kidogo ya milimita moja, mwekundu au wa rangi ya machungwa, na huruka-ruka majini kama kiroboto, kwa hiyo unamwona bila hadubini. Samaki nao wanamwona. Ukimmwaga tangini huliwa haraka kabla hajazaliana, hivyo mhesabu kuwa ni chakula cha kumwaga mara kwa mara, si mkazi wa kudumu.

Tisbe ni mdogo na mweupe hivi, hutambaa juu ya mawe, mchanga na kuta za chombo. Huyu ndiye wa kumfuga kama lengo lako ni kulijaza tangi la mandarini, kwa kuwa hujificha kwenye nyufa, hula mashapo na utando wa mwani, na huendelea kuzaana humo humo. Katika joto la nyuzi 25 hivi kizazi kipya huwa tayari ndani ya wiki moja na nusu au chini ya hapo. Huvumilia msongamano kuliko karibu kopepodi wengine wote.

Apocyclops panamensis yupo katikati: watoto wake, wanaoitwa nauplii, huelea badala ya kutambaa, na hilo lina maana kubwa kwa anayelea mabuu wa samaki. Buu anayeelea katikati ya maji hawezi kula nauplii wa Tisbe walioko sakafuni, hata wakiwa maelfu.

Kisha wapo kalanoidi, kama Parvocalanus crassirostris na Acartia tonsa, wanaoelea maisha yao yote. Nauplii wa Parvocalanus ni miongoni mwa wadogo kabisa. Mwaka 2015 taasisi ya Oceanic Institute ya Hawaii ilipofaulu kumlea samaki wa njano, Zebrasoma flavescens, tangu yai, chakula cha mwanzo cha mabuu wake kilikuwa nauplii wa kopepodi huyu. Lakini kalanoidi wanataka mwani hai tu, tena wa aina inayofaa, hawapendi kubanana, na Acartia wazima hula mayai yao wenyewe usipoyatenga. Waache hadi utakapokuwa umemfuga Tisbe au Tigriopus kwa miezi kadhaa bila kumpoteza.

Kama huna sababu ya pekee, anza na Tisbe. Kama unataka kuona unachofanya, anza na Tigriopus. Usiwachanganye kwenye chombo kimoja. Baada ya muda atabaki mmoja, na si lazima awe yule uliyemtaka.

Vyombo

Ndoo ya plastiki inayofaa kwa chakula, yenye ujazo wa lita 10 hadi 20, inatosha. Dumu la wazi ni bora zaidi kwa sababu unaona rangi ya maji bila kufunua. Kwa Tisbe, chombo kipana na kifupi kinashinda kirefu na chembamba: anaishi kwenye nyuso, basi mpe nyuso. Kipande cha wavu wa plastiki ulioning'inizwa ndani humwongezea makazi, na siku ya kuvuna unaukung'uta tu.

Tafuta vyombo viwili tangu mwanzo. Cha pili si anasa. Kimoja kikifa usiku, kingine ndicho mbegu yako.

Zaidi ya hapo unahitaji pampu ndogo ya hewa, mpira wa hewa, vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu umeme ukikatika, bomba gumu jembamba la plastiki, kifuniko kisichobana, kifaa cha kupimia chumvi, na chekecheke la matundu ya mikroni 53. La pili la mikroni 120 hadi 150 litakufaa baadaye. Chekecheke hutengenezwa kwa kukata kipande cha bomba la PVC na kugundisha wavu chini yake.

Osha kila kitu kwa siki au maji moto, suuza, kausha. Usitumie sabuni. Na chombo kilichowahi kuwekewa dawa yenye shaba kiache kabisa, kwa kuwa shaba kidogo inayovumiliwa na samaki huwaua kopepodi.

Maji

Changanya maji mapya ya chumvi hadi uzito mahususi (kipimo cha wingi wa chumvi) wa 1.020 hadi 1.025. Maji yaliyochujwa kwa osmosi ndiyo salama. Ukitumia ya bomba, ondoa klorini kwa dawa yake, na yaache kwanza yale yaliyolala ndani ya mabomba ya shaba yatiririke.

Kishawishi kikubwa ni kuchota maji ya tangi lako, kwani tayari yana chumvi na joto sawa. Kizuie. Maji hayo hubeba rotifa (wanyama wadogo mno wa majini), vijidudu vya seli moja na, kibaya zaidi, haidroidi, ambao hukaa ukutani na kuwanyaka nauplii mmoja mmoja.

Jaza chombo hadi robo tatu na chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Maji yakishuka chini ya mstari kwa kukauka, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haikauki. Anayeongeza maji ya chumvi kila mara hujikuta na maji makali bila kujua yalikotoka.

Hewa, mwanga na joto

Ingiza bomba gumu hadi karibu na sakafu, bila jiwe la hewa, na punguza hadi mapovu makubwa moja au mawili kwa sekunde. Mapovu madogo ya jiwe hunasa kopepodi na kuwainua kwenye povu la juu, wakafia humo. Kazi ya hewa hapa ni kuyatikisa maji kidogo yasilale, si kuyachemsha.

Mwanga wa kawaida wa chumba unatosha. Jua la moja kwa moja hupasha ndoo moto ndani ya saa chache, basi iweke mbali na dirisha. Joto la nyuzi 22 hadi 27 linamfaa Tisbe na Apocyclops. Tigriopus hustawi zaidi kwenye ubaridi kidogo, nyuzi 18 hadi 24. Kama chumba chako kina joto, weka vyombo sakafuni. Hapo huwa pana ubaridi kuliko kwenye rafu.

Pampu ya hewa hufyonza chochote kilichomo chumbani. Dawa ya mbu au mende ikipuliziwa karibu nayo huingia moja kwa moja majini, na kopepodi ni jamaa wa wadudu vya kutosha kufa nayo.

Kuingiza mbegu

Chupa ya mbegu ikifika, imulike kwa tochi. Unatafuta vidoa vinavyosogea, na majike wenye kifuko cha mayai kwenye mkia. Apocyclops hubeba vifuko viwili. Ukiona Tigriopus wawili wameshikana wakiogelea pamoja, hawaumwi. Dume humng'ang'ania jike ambaye hajakomaa mpaka atakapokuwa tayari.

Ielee chupa kwenye chombo kwa nusu saa ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya chombo ndani ya chupa kidogo kidogo kwa nusu saa nyingine. Mimina vyote taratibu. Suuza chupa kwa maji ya chumvi umimine tena, maana Tisbe hubaki wamegandamana na kuta.

Gawa mbegu kwenye vyombo viwili kama ni nyingi. Kama ni kidogo, anza na lita mbili au tatu tu. Wachache kwenye maji mengi hupata tabu kukutana, na chakula kinachobaki huoza. Utapanua chombo watakapoongezeka. Kisha waache. Wiki mbili hadi tatu za mwanzo huonekana kana kwamba hakuna kinachotokea, kwa sababu yai linaanguliwa kuwa nauplii anayepita hatua sita, halafu hatua nyingine tano, ndipo awe mtu mzima wa kuzaa. Usivune katika kipindi hicho.

Kulisha: hapa ndipo penye kazi

Chakula cha msingi ni mwani wa seli moja unaoelea, yaani fitoplanktoni, ulio hai au uliokolezwa na kuwekwa kwenye friji. Weka kiasi cha kuyapa maji rangi ya kijani hafifu. Ukitumbukiza mkono hadi kifundo, bado uone vidole vyako waziwazi. Kisha subiri. Maji yakirudi kuwa maangavu ndani ya siku moja au mbili, chakula kimeliwa, lisha tena. Yasiporudi, usilishe, hata kama ratiba yako inasema leo ni zamu. Ratiba haina macho.

Kundi changa huchukua siku tatu au nne kusafisha maji. Kundi lililokomaa husafisha rangi ile ile kwa usiku mmoja, na kasi hiyo ndiyo kipimo chako cha idadi, rahisi kuliko kuhesabu. Ikipungua ghafla, yaani maji yaliyokuwa yakisafishwa kwa siku moja sasa yanabaki ya kijani siku ya tatu, kuna vifo. Acha kulisha, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo.

Mwani hai na ule wa friji si sawa. Ulio hai, ukipata mwanga kidogo, hubaki hai ndani ya chombo na hata kufyonza sehemu ya amonia. Uliokufa huzama na kuoza usipoliwa. Kwa hiyo ukitumia wa friji, punguza kipimo, hata kama maji yataonekana hayana rangi ya kuridhisha.

Aina ya mwani ina uzito wake. Nannochloropsis ni mdogo, mikroni mbili au tatu, una EPA nyingi, mafuta mengine ya jamii ya DHA, lakini karibu hauna DHA yenyewe. Tisochrysis, ambao wengi bado wanauita Isochrysis, una DHA. Tetraselmis ni mkubwa zaidi na huogelea wenyewe, na Tigriopus wanaupenda. Kopepodi watambaao kama Tisbe wana uwezo wa kujitengenezea DHA kutokana na mafuta mengine, hivyo hata wakilishwa mwani dhaifu bado ni chakula kizuri. Kalanoidi hawana uwezo huo, wanachokula ndicho utakachompa samaki. Nikiwa na nafasi ya aina mbili, nachukua Tisochrysis na Tetraselmis.

Unga wa spirulina na hamira hufanya kazi kwa Tisbe na Tigriopus. Ncha ya kisu kwa lita kumi, ukorogwe kwenye kikombe cha maji, upitishwe kwenye kitambaa chembamba, na umiminwe nusu tu. Mimi nauona kama chakula cha dharura. Hamira hasa huchafua maji haraka, na haina mafuta ambayo ndiyo sababu ya kufuga kopepodi tangu mwanzo.

Mwani wako mwenyewe

Kununua mwani kila mwezi hukatisha tamaa, na kuukuza si kazi kubwa. Chupa safi ya lita moja au mbili, maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, mbolea ya f/2 kwa kipimo cha mtengenezaji, mbegu ya mwani hadi maji yawe ya kijani hafifu, hewa ya nguvu, na taa nyeupe kwa saa 16 kwa siku. Fomula ya f/2 ilitokana na kazi ya Guillard na Ryther ya mwaka 1962 na bado ndiyo wanayoitumia wengi. Baada ya wiki moja hivi maji huwa ya kijani kizito, au ya kahawia-dhahabu kama ni Tisochrysis. Toa nusu, jaza maji na mbolea mpya, endelea. Nannochloropsis uliovunwa hukaa kwenye friji wiki kadhaa ukiutikisa mara kwa mara.

Sheria moja tu isiyovunjwa: kitu kilichogusa maji ya kopepodi kisiguse chupa ya mwani. Tone moja lenye nauplii linatosha kuigeuza chupa yako ya mwani kuwa chombo cha tatu cha kopepodi.

Kuvuna

Ukiona vidoa vingi kila unapomulika, na majike wenye mayai wakiwa wa kawaida, anza. Vuna robo ya maji kila wiki, hata kama samaki hawana haja nayo wiki hiyo. Kundi lisilovunwa hujaa, amonia hupanda, majike hupunguza kuzaa, kisha hufa kwa wingi. Robo unayoitoa ndiyo pia mabadiliko yako ya maji.

Zima hewa dakika kumi mashapo yatulie. Nyonya maji kwa mpira mwembamba, ukiyapitisha kwenye chekecheke la mikroni 53 lililokaa ndani ya bakuli lenye maji, ili walionaswa wabaki wamezama. Wakibanwa kwenye wavu mkavu huumia. Ukiwa na machekecheke mawili, weka lile la mikroni 120 juu: wazima hubaki hapo na unaweza kuwarudisha wakaendelee kuzaa, nauplii hupita na kukusanyika chini kwa ajili ya mabuu. Kwa Tisbe, ng'oa ule wavu wa plastiki na uukung'ute kwenye ndoo ya maji safi ya chumvi. Utapata wengi kuliko kwa mpira.

Jaza tena chombo kwa maji mapya yenye joto na chumvi ile ile. Mashapo ya chini yanyonye nusu mara moja kwa mwezi, usiyamalize, kwa sababu Tisbe wanaishi humo na kula humo. Mashapo ya kahawia yasiyonuka ni mali. Yakiwa meusi na kunuka yai bovu, yaondoe yote.

Kuwapeleka kwa samaki

Maji ya chombo usiyaingize tangini. Suuza mavuno kwenye chekecheke kwa maji safi ya chumvi kwanza. Mimina usiku taa zikiwa zimezimwa na samaki wamelala, zima pampu kubwa na kifaa cha kuondoa uchafu kwa povu kwa saa moja, na tumia mpira kuwashusha hadi chini ya mawe. Tangi la pembeni lenye mwani wa nywele, lisilo na samaki na linalorudisha maji kwenye tangi kuu, huwapa mahali pa kuzaana bila kuwindwa.

Kwa mabuu, wengi hulenga nauplii wawili hadi watano kwa kila mililita ya maji. Chota mililita kumi, hesabu kwa lenzi ya mkono, gawa kwa kumi. Hesabu tena jioni, uongeze pengo.

Wageni wasioalikwa

Rotifa ndio wa kawaida. Ukiona maji yanasafishwa haraka huku kopepodi wakipungua, na vidoa vidogo vinavyoteleza bila kuruka, ni wao. Kwa Tigriopus dawa ni rahisi: pitisha wote kwenye chekecheke la mikroni 200, wazima wabaki na rotifa wapite, suuza mara kadhaa, anza na chombo kipya. Tisbe ni wembamba mno kwa ujanja huo, na mara nyingi ni afadhali kutupa na kuanza na mbegu kutoka chombo cha akiba. Haidroidi na anemoni wadogo ukutani hawana suluhu ya kistaarabu: hamisha kopepodi, kausha chombo kabisa juani.

Kundi likianguka

Dalili ni maji ya maziwa, harufu, na wazima waliolala sakafuni. Usimwage. Chuja walio hai uwaweke kwenye maji mapya bila chakula kwa siku mbili. Chombo cha zamani nacho badilisha maji yake theluthi mbili, ongeza hewa kidogo, kisogeze pembeni bila kukilisha. Mayai yaliyobebwa na majike na nauplii waliojificha kwenye mashapo mara nyingi hustahimili kilichowaua wazima, na ukimulika baada ya wiki mbili unaweza kukuta vidoa vinatembea tena. Ukiwaona, weka mwani kidogo sana, nusu ya ule uliokuwa ukiweka.